Mama na Mashindano ya Barafuni

Mdogo wangu mpenzi,

Huku hatujambo. Kikundi chetu cha maigizo kinaendelea na mazoezi, ila bila mimi, maana Mama hawezi tena kuachwa peke yake.

Jana tulitazama kwenye runinga mashindano ya kuteleza kwenye barafu. Msichana mmoja alianguka puu, akainuka, akamaliza huku akitabasamu. Mama, ambaye uigizaji haujamtoka damuni, alisimama kumpigia makofi.

"Huyo jukwaa limemkubali!" alisema. Kisha akanigeukia kwa adabu. "Samahani, dada. Binti yangu mkubwa angefurahi sana kuona haya. Unamfahamu?"

"Namfahamu, Mama," nikamjibu. "Nitamweleza."

Akanishukuru, tukaendelea kutazama.

Njoo, mdogo wangu, hata kwa wiki moja tu.

Dada yako mkubwa