Habari za Foleni ya Maji

Jumatatu, 4 Agosti 1997
Hema nimelifagia, mikeka nimetandika. Hakuna mtu. Wiki ya pili sasa, na bado furaha haijanitoka. Mimi, mwanafunzi wa chuo cha ualimu, niko likizoni hapa Dadaab, na shirika linanilipa nikae na vijana wa kambi ya wakimbizi tuzungumze yanayowakosesha usingizi. Beji ina jina langu, Deka. Naivaa hata nikienda kuchota maji.
Mkubwa wangu ni Madam Nyokabi, mshauri kutoka Nyeri. Moyo mzuri, haraka nyingi.

Jumanne, 5 Agosti
Leo nimejua kwa nini hawaji. Hema liko mkabala na hospitali. Kila apitaye anaona nani ameingia. Msichana akionekana humo, nani atamposa? Mzee mmoja amemwambia Madam waziwazi: "Madam, watoto yetu si wasimu. Beleka hema yako mbali." Madam akamshukuru. Mimi nilitamani ardhi inimeze.
Ijumaa wakubwa wa shirika wanakuja kutoka Nairobi. Wakikuta hema tupu, mradi unafungwa. Nitarudi Garissa kwa Aabo, baba yangu, aliyeniruhusu shingo upande. Sitaki. Sitaki kabisa.

Jumatano, 6 Agosti
Nina hasira na nafsi yangu. Asubuhi nilimfuata Hodan, msichana asiyesema na mtu. Nikamsomea maswali ya Madam. Unalala? Unaota vibaya? Unalia? Akaniangalia, akabeba mtungi wake, akaenda zake.
Alasiri, kwenye foleni ya maji, akafika mama kutoka Liboi. "Warran," wakamwambia, toa habari. Akatoa zote: mvua, mbuzi, nani amezaa, nani amezikwa. Alipomaliza, wenyeji wakatoa zao.
Ndivyo tulivyo sisi wafugaji, tangu malishoni. Anayefika hutoa kwanza. Nimelelewa hivyo, na bado nilimwendea Hodan na maswali kama askari wa kizuizi cha barabarani. Mjinga mimi. Lakini sasa najua la kufanya.

Alhamisi, 7 Agosti
Beji niliiacha hemani. Nikapanga mtungi wangu nyuma ya Hodan, nikatoa habari. Kwamba mama yangu alifariki nikiwa kidato cha pili. Kwamba moyo ulikuwa ukinienda mbio darasani bila sababu, nikadhani narukwa na akili. Kwamba sikumwambia mtu.
Kisha Hodan akasema. Sauti ndogo, imekauka. Habari zake ni zake, siziandiki hapa. Akafuata mwingine. Na mwingine. Mitungi ikajaa na hakuna aliyeondoka.
Nimekimbia njia nzima hadi kwa Madam. Hata sasa siwezi kukaa kitako.

Ijumaa, 8 Agosti
Wakubwa wamekuta hema tupu. Madam akawaongoza hadi bombani. Wasichana tele, na wavulana nao upande wao, wanapeana habari. Wageni wakasimama mbali, wakasikiliza, wakaelewa.
Mradi unaendelea! Hema tumeling'oa, litakuwa kivuli cha foleni. Madam amenikumbatia mbele za watu. Hodan akacheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka.

Jumapili, 10 Agosti
Nimekuja nyumbani Garissa kwa wikendi. Aabo mwenyewe amechemsha chai ya maziwa. Tukaketi uani. "Warran," akasema.
Nikatoa zote, hata ile ya moyo kwenda mbio. Hakunikatiza. Nikangoja aniambie sirudi tena.
Akageuzageuza kikombe. Kisha akatoa zake. Kwamba tangu mama afariki hajalala usiku mzima. Miaka yote hii nilikuwa nikimsikia akitembea uani, nikadhani anaangalia mbuzi.
Chai ilipoa, tukainywa hivyo hivyo.
Kesho narudi Dadaab. Amesema atanisindikiza hadi kwenye basi.