Karatasi Ndani ya Boksi la Atari

Shella,
S.L.P. 118,
Malindi.
14 Novemba, 1987.

Mpendwa ndugu yangu Msellem,

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumai barua hii itakukuta huko Maskati ukiwa mzima, na kile kifua kilichokusumbua mwaka jana kimetulia. Sisi huku hatujambo. Mama miguu humvimba asubuhi, lakini akishakwenda uani na kurudi mara mbili tatu hupata nafuu. Wanangu Saad na Khamisa wazima, wanakuamkia. Maulidi ya Mambrui tulikwenda sote, hata Mama, tukarudi salama.

Mzigo wako aliufikisha Gharib, mwenzio wa huko, alipokuja likizo mwezi wa Mfungo Tano. Vitambaa vimefika, manukato ya Mama yamefika, na mashine ya michezo ya Atari nayo imefika ndani ya boksi lake. Uliandika kwamba umeinunua mpya dukani kwa ajili ya wanangu. Nilimwita Katana, fundi wa redio aliye nyuma ya soko, akaja kutufungia kwenye televisheni. Jioni hiyo nyumba ilijaa majirani. Mama alivuta kiti mpaka mbele kabisa, akawa anauliza vile vifaru viwili vya vita kwenye kioo vinagombea nini hata visisuluhishwe. Alikuombea dua mbele ya watu.

Katana alipokuwa akikusanya vyombo vyake aliniambia kwa sauti ndogo, "Mama Saad, mashine hii imeshafunguliwa. Skurubu zake zina alama za bisibisi."

Nilimwambia labda waliijaribu dukani. Akaendelea kukunja waya wake. Lakini wewe unanijua, Msellem. Neno likishaniingia sikioni halitoki.

Kesho yake watoto walipokwenda chuo cha Kurani niliiweka mashine mkekani, nikaitazama kila upande. Mikono ya kuchezea ni miwili. Mmoja mzima. Wa pili, pale juu penye mpira mweusi, una alama za meno. Saad aliporudi alidhani ni panya. Nilimwambia auume taratibu, meno yake hayakukaa mle. Nikampa Khamisa wa miaka sita, yakakaa sawasawa kama kwamba ni yeye aliyeuma.

Hata hapo nilijipa sababu. Nilisema umeinunua kwa mtu mwenye watoto, ukaona haya kutuambia. Hilo si aibu, na ningelinyamazia.

Ila siku ya Ijumaa nilitoa kijitabu cha maelezo kutoka chini ya boksi, na karatasi ikaanguka. Ilikuwa imeandikwa kwa penseli, hati ya mtoto, harufi za Kiarabu kubwa kubwa zinazopanda mlima. Mistari mitatu: Baba, Mama, Mimi. Mbele ya kila jina pointi za mchezo. Huyo "Mimi" ndiye aliyeshinda wote, na Mama yake alikuwa wa mwisho. Chini yake mtu mzima ameendelea kuandika kwa kalamu ya wino, tarakimu za kizungu, na kila saba imekatwa kijistari katikati.

Saba hiyo naijua. Unakumbuka mwaka wa sabini na saba kwa shangazi, Kibokoni, ile mashine ya kwanza tuliyoiona maishani mwetu? Vijiti viwili na nukta moja nyeupe, basi. Tuliicheza mpaka shangazi akatunyima chai. Wewe ndiye uliyekuwa ukiandika pointi nyuma ya kalenda, saba zako zimekatwa hivyo hivyo, na kila nikienda jikoni nikirudi nilikukuta umejiongezea mbili. Mimi mashine yoyote ile itakayotengenezwa, ninayoipenda ni ile ya Kibokoni, kwa kuwa tulicheka sana. Lakini tangu siku zile nikicheza nawe huutazama mkono wako.

Nikaificha karatasi kwenye mkebe wa vifungo. Kisha nikaanza kuyafikiri mengine. Ile kaseti ya sauti uliyotutumia Idi, nyuma yako mtoto alikohoa, ukasema ni wa jirani. Niliirudia mara nne. Mtoto alikohoa, nawe ukanyamaza kidogo kabla ya kuendelea, kama mtu anayegeuka kutazama. Ile picha yako ya ufukweni nayo, upande wa kushoto imekatwa kwa mkasi, na begani kwako pamebaki ncha ya mtandio.

Nilikwenda Mambrui kwa Gharib. Nilimkuta barazani kwake, akanikaribisha vizuri, akaniletea kahawa. Nilimuuliza mashine ile ilitoka duka gani.

"Mimi nilipewa boksi limeshafungwa, dada Tumu," alisema.

"Umekaa naye miaka yote hii. Ana mtoto?"

Gharib alicheka, kisha akaanza kutazama viatu vyake. "Muulize mwenyewe. Mimi nimekula chakula cha nyumba ile miaka mingi, siwezi kuyatoa maneno yake nje."

"Nyumba gani? Mlituambia Msellem analala chumba kimoja na wanaume wanne."

Alichukua kikombe changu akakijaza, na hali sijakinywa hata nusu.

Msellem, kuoa si haramu, na mke wa pili si haramu. Ungeandika mistari miwili tungepiga vigelegele. Mimi kilichonichoma ni Shekha. Binti wa ami yako ana miaka ishirini na sita. Kabla ya Ramadhani iliyopita alikuja kuposa bwana mmoja wa Kilifi, karani wa hospitali, mtu mpole. Ami Badi alimuuliza bintiye, naye akasema, "Mimi nimeshaposwa na Msellem." Wewe ulikuwa na habari, maana nilikuandikia mwenyewe, nawe ukajibu, "Mwambie asubiri." Yule bwana ameoa kwingine Mfungo Pili.

Kila Alhamisi Shekha huja kumsuka Mama nywele. Alhamisi ile alikaa kucheza na Khamisa, akashika ule mkono wenye meno. Nilimwona kidole gumba chake kikipita pale, kikarudi, kikapita tena. Hakuniuliza kitu. Nikamshuku hata yeye, nikawaza pengine anajua zaidi yangu na ananificha ili nisione haya.

Nilishindwa kuvumilia. Nilimwita chumbani nikampa karatasi, nikamwonyesha zile saba zako. Aliisoma amesimama. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kilio, lakini aliuliza jambo moja tu.

"Mtoto huyu ana umri gani?"

Nikamwambia meno yake ni sawa na ya Khamisa, na kuandika anajua.

"Basi ni sita au saba," alisema. "Mimi nimeposwa miaka mitano."

Akaikunja karatasi, akanirudishia, akatoka kwenda kumalizia nywele za Mama. Nilikaa kitandani nikahesabu, nikarudia kuhesabu. Msellem, ulipokuja likizo ukakaa barazani kwa Ami Badi na tende ya posa ikaliwa, mtoto wako alikuwa ameshaanza kutembea. Sikuwa nimelifikiri hilo. Yeye alilifikiri amesimama.

Siku ya pili yake alikwenda mwenyewe kwa babake akamwambia posa imekwisha. Ami alimtetea sana mwana wa nduguye, akataka kungoja barua yako. Shekha alimwambia barua alizozingoja zinatosha. Nguo na pete zimerudishwa kwetu. Sasa anafundisha watoto wadogo shule moja Kilifi, anakaa kwa khalati yake, dada wa mamake, na Alhamisi haji tena.

Mama ilibidi nimwambie, maana aliuliza nani atamsuka. Nilimweleza yote. Adhana ya magharibi ilipoita akasali, na kwenye mswala pale pale akaniuliza kama mtoto ni wa kiume au wa kike. Nikamwambia karatasi haisemi.

Sasa nakuuliza, na usinijibu kwa kaseti, nijibu kwa mkono wako. Shekha ulitaka kumwoa, au ulikuwa unamweka tu ili Mama asikuulize? Na mashine hii, mtoto alikupa kwa ridhaa yake, au alirudi kutoka shule asiione? Nashuku hili la pili. Mtu hasahau karatasi ya pointi zake ndani ya kitu anachokitoa kwa moyo.

Kwa hivyo nimeifunga tena kwenye boksi lake, na karatasi imo mle mle, na Gharib anakuja nayo pamoja na barua hii. Alikataa kwanza, nikamwambia aliyeweza kuileta ataweza kuirudisha. Saad alilia siku mbili. Nimemwambia ina mwenyewe.

Nashuku pia kwamba barua hii utaisoma umejifungia mlango. Ukimaliza, fungua.

Katana anakusalimu, na majirani wote wa Shella. Ami Badi hakuniagiza salamu, nami sikumwomba. Mama anakuombea Mwenyezi Mungu akulinde, akupe afya na riziki ya halali, akurudishe kwetu na uso mkunjufu. Kila sala anaongeza dua ya mkeo na mtoto wako, lakini hukwama katikati, kwa kuwa hajui awataje kwa majina gani. Tuletee majina.

Ni mimi dadako, ninayekupenda bado,

Tumu