Kisanduku Nyuma ya Pazia la Bosi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Pokea salamu zangu wewe na Mama, kisha mwagawie wote walio hapo nyumbani bila kumpunja mtu. Mimi ni mzima, nakula, na kile kikohozi nilichoondoka nacho kimeniacha chenyewe bila kuaga. Vipi goti lako? Mama ananiambia kwamba sasa unapanda ngazi bila kushika ukuta, lakini namjua Mama, habari njema huzitangaza kabla hazijafika. Nijibu wewe mwenyewe.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Baba, habari yenyewe ni ndefu, na wewe ukisikia nusu ya jambo kwenye simu unaanza kutoa ushauri. Hii nataka uisome hadi mwisho ndipo useme. Ni habari njema. Nimeshinda. Najua hujazoea kulisikia neno hilo kwangu, mimi uliyekuwa ukinitania kwamba nikikanyaga kivuli changu nakiomba radhi.

Kama unavyojua, bado niko kwenye muda wa majaribio hapa ofisi ya maji, dirisha la maombi mapya. Atakayeamua nithibitishwe au nirudi nyumbani ni mkuu wetu, ambaye wafanyakazi humwita Mama Muhuri akiwa mbali na Bosi akiwa karibu. Si mtu mbaya, ila ana sauti ya kukata. Akikuuliza swali unasahau hata ulichokula asubuhi. Ijumaa alikuja dirishani kwangu akasema intaneti ya nyumbani kwake inaumwa, fundi wa ofisi yuko likizo, na amesikia kwamba mimi mambo hayo nayaweza. Baba, nilichowahi kufanya ni kuizima printa ya ofisi na kuiwasha tena. Nikafungua mdomo ili nimwambie hivyo, ukatoka "sawa, Bosi."

Jumamosi asubuhi nikaenda. Mlango ulifunguliwa na mfanyakazi wake wa ndani, mwanamke wa rika la shangazi mdogo, ambaye mle ndani wote humwita Dada, nami nikamwita hivyo hivyo. Karibu na mlango wa jikoni niliona mfuko uliofungwa vizuri, na viatu juu yake. Sikuelewa hadi Bosi aliposhuka. Bila kupunguza sauti alinieleza kwamba ruta ilikuwa salama mpaka Dada alipoipangusa kwa kitambaa kibichi. Tangu hapo vifaa vya nyumba nzima vinashika mtandao lakini haviendi popote. Amemwonya mara nyingi kuhusu mikono yake mizito, na leo ndiyo siku yake ya mwisho kazini.

Dada naye akajibu kutoka jikoni kwamba alichopangusa ni meza, mashine hakuigusa, na kama kupangusa meza kunakata intaneti basi nyumba zenye intaneti ni zile chafu peke yake. Bosi akaniuliza kama nimeisikia hiyo midomo. Mimi nikalitazama zulia. Kabla ya kurudi ghorofani akaongeza kwamba simu yake yeye haijasumbua hata mara moja, kwa hiyo nisije nikamwambia tatizo ni la kampuni.

Ruta ilikuwa mezani kando ya televisheni, kavu kabisa, taa zake zote za kijani zinawaka. Nikaanza na ujuzi wangu pekee: nikaizima, nikaiwasha. Televisheni ikaandika kwamba imeunganishwa ila hakuna intaneti. Laptopu ikakubali, tableti ya watoto ikakataa. Nikarudia. Safari hii tableti ikakubali, laptopu ikagoma. Dada alikuja akasimama na mikono kifuani, akatazama, akasema kitu hiki kinachagua watu kama mlinzi wa benki. Ningecheka kama jasho lisingekuwa linaniingia machoni.

Nikaigeuza ruta. Chini yake kulikuwa na kibandiko chenye anwani ya kuingilia kwenye mipangilio, jina la mtumiaji na nenosiri. Nikaiandika ile anwani kwenye laptopu, herufi kwa herufi. Ukurasa ukazunguka weee, haukufunguka. Nikaenda mahali ambapo kompyuta huonyesha inapitia lango gani kwenda nje, na namba niliyoikuta haikuwa ile ya kwenye kibandiko. Ilifanana nayo mwanzo, ikaachana nayo mwishoni. Jambo la kwanza nililowaza ni kwamba nimeiharibu laptopu ya Bosi. Jambo la pili, nikaiandika hiyo namba ngeni nione. Ukurasa wa mipangilio ukafunguka papo hapo, lakini ulikuwa wa rangi ya machungwa na wenye jina la kampuni ambayo haikuwa imeandikwa popote kwenye ruta iliyokuwa mbele yangu. Nikaweka nenosiri la kwenye kibandiko. Likakataliwa.

Baba, wewe na Mama mmenicheka miaka yote kwa sababu nikifunga mlango lazima nirudi kuujaribu. Safari hii tabia hiyo ilinifaa. Niliichomoa ruta kwenye umeme kabisa, taa zote zikafa, kisha nikatazama laptopu. Jina la mtandao wa nyumba ile lilikuwa bado lipo, lina mistari miwili. Kifaa kimekufa mkononi mwangu, na kuna kitu mahali fulani kinaitika kwa jina lake.

Nikaanza kutembea na laptopu nimeifungua mikononi kama sinia. Jikoni mistari ilipungua. Kwenye ngazi ikaongezeka. Ghorofani ikaongezeka zaidi, ikanipeleka hadi mlango wa chumba cha kulala cha Bosi, na hapo ikajaa. Nilisimama pale nikiomba mlango uwe wa stoo. Mwishowe nikabisha hodi, nikaeleza kwa nini, na sauti ikaniambia niingie.

Nyuma ya pazia, juu ya kigoda, kulikuwa na kisanduku kipya cheupe, na waya wake umeingia ukutani kwenye tundu la zamani la televisheni, ukashuka hadi kwenye ruta ya chini. Bosi alisema hicho ni chake. Alikinunua wiki hiyo ili mtandao ufike chumbani, akakiunga mwenyewe, akakipa jina lilelile na nenosiri lilelile la waifai ili simu zisisumbuke, na kinafanya kazi vizuri sana. Alijivunia, na kwa kweli si wengi wangefika alipofika.

Hapo nikaelewa, na nilielewa kwa sababu ya dirisha langu. Kuna siku mlinzi wa getini kwetu aliamua kutusaidia. Akatafuta bunda lake la namba za foleni akawa anawagawia watu nje, na mimi ndani nagawa zangu. Waliochukua zangu walihudumiwa. Waliochukua za mlinzi walikaa kwenye viti wakisubiri kuitwa na mtu ambaye hakuwepo, na ugomvi uliozuka nisingependa kuukumbuka. Sasa ruta nayo, miongoni mwa kazi zake, ni mgawaji wa namba. Kila kifaa kinachoingia hupewa namba yake na kuonyeshwa mlango wa kutokea. Katika nyumba ile wagawaji walikuwa wawili. Kilichojibiwa kwanza na ruta ya chini kilitoka kikaenda zake duniani. Kilichojibiwa na kisanduku cha juu kilionyeshwa mlango, kikausukuma, kikakuta ni ukuta. Simu ya Bosi ilipata namba chini tangu zamani na iliendelea kuirudia huko huko, ndiyo maana yeye hakuonja shida.

Nikaurudia ule ukurasa wa rangi ya machungwa. Nenosiri lake aliliandika Bosi mwenyewe, mimi nimegeukia ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Nikatafuta ile sehemu iitwayo DHCP, ambayo ndiyo inayogawa namba, nikaizima, nikahifadhi. Kisanduku kikabaki kupaza mtandao tu, namba zigawiwe na ruta ya chini peke yake. Nikaiwasha ruta, nikavizima vifaa vyote na kuviwasha upya. Televisheni ikazungumza! Tableti ikafuata, laptopu ikafuata, na printa iliyosahauliwa pembeni ikazinduka ikaanza kutapika kurasa zilizokuwa zikingoja muda wote huo. Bosi alipiga makofi. Akasema fundi wa ofisi atarudi kutoka likizo akute kiti chake kimekaliwa.

Baba, hapo juu kuna mahali nimeparuka. Nimejaribu kupita bila kupagusa, lakini kalamu inakataa.

Tulipokuwa tumesimama pale penye kigoda, na mimi nimeshaelewa kila kitu, Bosi alikipapasa kile kisanduku akasema hata hiki huenda yule mwanamke alikipangusa, na kwamba yeye ndiye chanzo cha vurugu zote, au siyo? Alinitazama akingoja. Niliujua ukweli mzima. Niliifikiria barua yangu ya kuthibitishwa kazini. Nikaitikia kwa kichwa.

Kwa hiyo nilipewa makofi, nikasindikizwa hadi mlangoni, nikatoka. Getini Dada akanifikia, mfuko begani. Alinishukuru kwa kuitengeneza, akasema angalau hatasemwa kwamba ameacha nyumba ya watu imezimika. Halafu akapunguza sauti akasema Bosi amemwambia kwamba hata mimi nimekubali ni yeye, na kwa kuwa mimi nimesoma, nimwambie kweli: je, kitambaa kibichi juu ya meza kinaweza kuifanya mashine iliyo kando yake iwe vile? Anataka kujua asije akarudia kosa atakakokwenda. Baba, mtu ambaye asubuhi ile alikuwa akimjibu Bosi kutoka jikoni alikuwa ameanza kuamini. Na kilichomwaminisha ni kichwa changu.

Nilimwambia atue mfuko anisubiri. Nikarudi nikabonyeza kengele haraka, kabla miguu haijashauriana.

Bosi alipofungua aliniuliza nimesahau nini. Nikamwambia nimesahau kusema kweli. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mbu, lakini ilitoka. Nilimweleza habari ya wagawaji wawili wa namba, nikamweleza kwamba kitambaa cha Dada hakihusiki hata kidogo, kwamba shida ilianza siku kisanduku kilipowekwa nyuma ya pazia, na aliyekiweka ni yeye. Nikasema niliitikia kwa kichwa kwa sababu nilimwogopa. Aliniuliza kama sasa simwogopi tena. Nikamjibu bado namwogopa, tena sana.

Akasema maneno matupu hayatoshi, nimwonyeshe. Tukapanda tena. Nikaiwasha ile sehemu ya kugawa namba kama alivyokuwa ameiacha yeye, tukashuka, nikaizima televisheni na kuiwasha. Ikafanya kazi vizuri kabisa. Bosi akakunja mikono. Nikamwambia hiyo imejibiwa kwanza na ruta ya chini, tujaribu tena, huku naomba kimoyomoyo. Mara ya pili ikagoma: imeunganishwa, hakuna intaneti. Tableti nayo ikagoma. Nikapanda mbio, nikaizima ile sehemu, nikawasha kila kitu upya, vyote vikapona. Kitambaa hakijagusa chochote, na Dada yuko getini.

Bosi alikaa kwenye ngazi. Mwishowe akaniambia niende nikamwambie Dada aurudishe mfuko ndani. Sijui nani alikuwa anatumia mdomo wangu, kwa maana nilimjibu akamwambie mwenyewe, mimi niliitwa kwa ajili ya intaneti tu.

Akacheka, Baba! Hakuna mtu pale ofisini aliyewahi kusikia kicheko kile. Akainuka, akaenda hadi getini bila viatu, na pale pale, jirani akiwa anamwagilia maua na masikio ameyatega, akamwambia Dada kwamba kosa lilikuwa lake yeye, kwamba amemsingizia, na kwamba anaomba radhi. Dada hakurukaruka. Alisema amesikia, atalifikiria akiwa anapika cha mchana, ila kuanzia leo habari ya mikono mizito asiisikie tena katika nyumba ile. Bosi akasema sawa. Akajaribu kuubeba ule mfuko, ukamshinda, Dada akamnyang'anya akaubeba kwa mkono mmoja. Nikaona macho yao yamekutana, wote wawili wakajizuia kucheka.

Dada amebaki. Kuhusu kuthibitishwa kwangu, Bosi bado hajasema neno, na mimi sijauliza. Mjini hapa ni mara yangu ya kwanza kulala usingizi wa kutanua miguu.

Leo mchana amekuja tena dirishani, wenzangu wote wakainamia karatasi zao. Ameniambia intaneti ya nyumbani kwa mdogo wake nayo imeharibika, na akaniomba, Baba, ameniomba, niende Jumamosi. Nimemjibu kwa sauti iliyosikika hadi dirisha la mwisho kwamba nitakwenda, ila kwanza aniambie: huko nako, aliyelaumiwa ni nani?

Nawaacha hapa, wazazi wangu. Mungu awape afya na mazungumzo matamu, na Mama asiisome barua hii kwa majirani, ingawa najua nimechelewa. Nawakumbuka kila siku.

Ni mimi mwanao,
Kitindamimba wako