Askari Wako Nimewachoma Wabichi

Mume wangu mdogo, mjukuu wangu Hamisi,

Marahaba, ingawa shikamoo yako sijaisikia tangu tuvune alizeti. Simu yako haipatikani, na hapa Issuna hakuna anayejua ulipo. Ndiyo maana nasema mbele za watu kwa barua hii ya wazi, labda mmoja atakufikishia. Anayeandika ni dada yako Zaituni. Nimemwambia asinipambie maneno. Shule sikwenda na sitaki kusikika kama niliyekwenda.

Nimechoka, mume wangu.

Nakumbuka ulivyotandika vita yako juu ya meza ya kulia. Ubao umeuchora miraba kwa mkaa, vilima vya udongo wa kichuguu, miti ya vijiti vya miiba, na askari uliowafinyanga mwenyewe, kila mmoja kama kidole gumba. Kuwapanga tu kulikuchukua siku nzima. Ukanifundisha kwamba wa miguu anakwenda mraba mmoja, wa farasi mitatu, na nani anakufa dadu ndiyo inaamua. Mimi wangu nikawapanga kama tunavyolaza ng'ombe, ndama katikati, madume pembeni. Ukacheka, ukasema, "Bibi, hii ni vita, siyo zizi." Nikakushinda mara mbili. Ulinuna, lakini mlenda wangu ulikula.

Halafu wakaja wazee wa upande wa msichana kuzungumzia posa yako, wakakukuta umeinama mezani unapima miraba. Nikaona aibu. Nikasema mbele yao, "Mwanamume mzima, ndevu zimeota, anacheza udongo." Utani wetu ni mkali tangu zamani, lakini ule haukuwa utani, na wewe ulijua. Asubuhi ukaondoka. Vita ukaiacha palepale.

Sikuigusa. Miezi yote hii tumekula mkekani. Mvua zilipoanza, bati likavuja juu ya meza, askari wakaanza kulainika miguu. Nikawabeba kwenye ungo, nikawachoma pamoja na vyungu vyangu. Mimi, Hamisi, niliyefinyanga tangu sijaolewa, ninayewafokea wasichana wasubiri udongo ukauke. Woga ulinikimbiza, nikawachoma wabichi. Niliwasikia wakipasuka mmoja mmoja ndani ya moto. Wamebaki tisa, na mmoja hana kichwa.

Zaituni alitaka tuseme wako salama. Nimekataa.

Na sikukosea udongo tu. Nilikudhalilisha mbele ya watu, basi mbele ya watu nasema nilikosa. Wale wazee nao nimewafuata nikawaambia kwa mdomo wangu. Posa ikifa, na ife.

Mgongo unauma, macho yana ukungu, mchana nalala kama paka. Sitaki pole yako. Rudi unigombeze. Ukitaka kuvunja vyungu, vunja, vipo vingi. Hili kosa nimelibeba peke yangu mpaka nimechoka, na wa kunitua ni wewe tu.

Huko uliko, ule ushibe.

Bibi yako, mke wako mkubwa