Eti Kichocheo Tu

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha uani,
Jumapili mchana.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Kifua kimepoa, au baridi ya huko bado inakutesa? Natumaini u mzima kabisa, maana niliyonayo leo hayafai kuambiwa mgonjwa. Sisi huku tunapumua. Miguu ya Mama imepata nafuu, macho ndiyo yaleyale. Mimi bado nafundisha kemia na bado nina kelele, utaziona hapa chini.

Cherehani ya Mama imefunikwa shuka tangu siku ile uliyopiga simu. Hilo ndilo lililonikalisha kuandika.

Wewe uliondoka kabla macho yake hayajaanza kufifia. Kaka ndiye aliyekueleza, tena kwa siri, jinsi tunavyoishi. Jioni Mama akienda kuoga, Kaka hukaa kwenye cherehani, akafumua mishono iliyokwenda upande, akaishona upya, akakunja nguo vilevile alivyoikuta. Asubuhi Mama anampa mteja nguo yake, kidevu juu, fundi wa mtaa mzima. Hakuna aliyeumia.

Kisha wewe, simu ikiwa kwenye sauti kubwa, wifi yupo, mama yake wifi naye kaja kuchukua gauni lake, ukaropoka: “Mama, pumzika bwana! Kwani hujui Kaka anafumua kila unachoshona?”

Mama alilikunja gauni, akamkabidhi mwenyewe, akaingia ndani. Tangu hapo Kaka akimsalimia anaitikia, basi. Chakula anakula chumbani kwake. Kaka amekonda, na akiulizwa anasema ni kazi.

Nilipokupigia kukuuliza ulikuwa na akili gani, ukaniletea ujumbe wa sauti huku unatafuna: “Dada, mimi nilikuwa kichocheo tu. Mabadiliko yalihitajika.”

Tu! Neno hilo ulilipata darasani kwangu, ukakimbia na nusu yake. Sasa kaa chini nikupe iliyobaki. Unakumbuka ule unga mweusi niliokuwa nautia kwenye chupa ya maji yale ya dawa ya kusafishia vidonda? Povu lilifumka hadi mezani, mkapiga makofi. Bila unga, dawa ile ingeachia hewa yake polepole, pengine mwaka mzima, wala msingeona kitu. Unga uliharakisha. Hilo ulilishika. Ila tulipouchuja, tukaukausha, tukaupima tena, ulikuwa uleule, haukupungua hata chembe. Hiyo ndiyo maana ya kichocheo: huharakisha badiliko la wengine, chenyewe kikatoka salama.

Kwa hiyo sikukatalii, mdogo wangu. Umejieleza vizuri kuliko ulivyodhani. Hapa povu limejaa hadi mlangoni, na wewe huko unatafuna. Unga nausamehe kwa sababu hauna moyo. Wewe unao, na hujautumia. Na mtu anayechochea watu wa nyumba moja tuna jina lake jingine, hilo halihitaji maabara.

Halafu unajisifu kwamba ulimfungua Mama macho. Jana nilikuwa namsuka nywele, nikamwomba amsamehe Kaka kwa kumficha. Akacheka kidogo, kicheko kibaya. Akasema: “Anifiche nini? Nimeshona kabla nyie hamjazaliwa, nisijue mkono wa mtu mwingine kwenye kitambaa changu? Nilikuwa nakawia bafuni makusudi, mwanangu, ili amalize.”

Alijua siku zote. Kilichomvunja ni kusikia likitajwa mbele ya watu, na sasa hawezi tena kujifanya hajui. Nililia, na yeye akaniambia nisivute nywele.

Basi usimpigie simu Mama, wala usitume zawadi. Omba likizo uje, umtazame Kaka usoni, useme ulikosea, mbele ya watu walewale.

Wifi anakusalimu kwa shingo upande. Watoto wanakusalimu sana, wao hawajui kitu. Shangazi anasema uvae soksi. Kaka hakutuma salamu, nami sikumwomba.

Mungu akulinde, na ulimi wako aulinde zaidi.

Nimekukasirikia kwa sababu nakupenda,
Dada yako.

Mama sasa anaoga upesi. Akitoka, anakuta kiti cha cherehani kitupu, anakitazama kidogo, kisha anazima taa.