Kitambaa Kikubwa cha Meza

Jumatatu, 3 Oktoba 1988
Nimechemsha wanga wa muhogo, ukatoka mabonge. Nimechuja, nikarudia. Vitambaa vya mikono kumi na viwili vimenyooka. Jumamosi watu wa Bakoba wanakuja hapa Izigo kumchumbia mdogo wangu Kemi. Meza mbili zitaunganishwa, na kitambaa cha kuzifunika zote ni kimoja tu: kile cheupe cha maua ya zambarau. Mwezi wa nne kilifunika jeneza la kaka Rwegasira. Naogopa kitambaa nilichokidarizi mwenyewe. Aibu.

Jumanne, 4 Oktoba
Nimekwenda kuazima kwa mke wa mchungaji. Chake kiko msibani. Cha Ma Paulina nacho kiko msibani. Mwaka huu vitambaa vyeupe havikai kabatini.
Mama kanikumbusha: shangazi wa bwana harusi alikuja kumzika kaka. Alikaa mkekani, karibu kabisa na jeneza. Atakitambua.
Mwaka jana walikuja wachumba wengine. Walipomwona kaka amekonda, hawakugusa hata kahawa ya kutafuna, ile anayokaribishiwa mgeni. Wakasema wana haraka. Hawakurudi. Nyumba ya UKIMWI, ndivyo walivyosema njiani. Kemi alijifungia ndani wiki nzima. Hawa wakiondoka hivyo, sidhani kama watakuja wengine.

Jumatano, 5 Oktoba
Mimi ni mwalimu wa sayansikimu. Miaka kumi na moja nawaambia wasichana: chini blanketi, sahani zisigonge. Juu yake cheupe. Juu kabisa kidogo cha rangi, ukigeuze kona zining'inie. Vitambaa vya mikono vifuate rangi ya juu.
Nimejaribu cha bluu. Kinafunika doa la kutu la msumari wa jeneza. Maua ya pindoni hakiyafikii.

Alhamisi, 6 Oktoba
Nimefumua. Maua ishirini na sita, kwa wembe. Nyuzi zile Rwegasira aliniletea kutoka Kampala, safari zake za biashara. Kemi ameniona, akaweka beseni chini, akatoka. Amekasirika. Hata mimi.

Ijumaa, 7 Oktoba
Balaa. Baada ya wanga na pasi, matundu ya sindano yote yametokeza. Maua yapo, rangi tu ndiyo haipo. Nimelowesha, nimesugua, nimepiga pasi kwa nyuma. Yapo. Nimemfokea Mama kwa ajili ya mkaa, bure kabisa. Nimemwomba radhi.

Jumamosi, 8 Oktoba
Walikuja kumi na mmoja. Meza ilipendeza, nasema kweli. Kahawa ya kutafuna ikazungushwa. Shangazi akachukua punje zake, akaziweka mezani. Hakutafuna. Mkono wake ulikuwa unapapasa pindo. Akafunua cha bluu, akaliona doa. Kemi amesimama mlangoni na birika la kunawia. Nikamchukia yule mama kwa moyo wangu wote.
"Mwalimu," akasema, "maua umeyapeleka wapi?"
Nikaanza kukunja upya vitambaa vya mikono.
"Yalikuwa mazuri siku ile, waitu, ndugu yangu. Mkija kwetu mtanisamehe, meza itakuwa tupu. Chetu tumemzika nacho mwanangu."
Akarudisha cha bluu, akakinyoosha kona kwa kona. Akaitia kahawa mdomoni, akatafuna. Kisha akamwita Kemi: "Mwanangu, lete maji tunawe."
Walikula matoke yote na samaki wote. Siku ya mahari imepangwa. Mimi nilikwenda jikoni nikalia, nikasingizia moshi.

Jumapili, 9 Oktoba
Kanisani asubuhi. Mvua kidogo mchana. Vitambaa vya mikono vimekauka barazani.
Kwenye kopo la nyuzi alizoniletea kaka, uzi wa zambarau ulikuwa umebaki. Hautatosha maua yote. Sindano inaingia matundu yale yale, haina haja ya kuchora. Nimemaliza ua moja. Kemi amevuta kiti, ameanza kona ya pili.