Mwiba Kooni mwa Shangazi

Dada Sreelekha,

Kolkata mvua tu, achari ya Mama imeota ukungu. Jana yale matembezi ya watalii ya kumuenzi mpangaji wetu wa zamani, mwandishi wa riwaya za upelelezi, yalisimama dirishani kwetu.

"Riwayani, mjane wa nyumba hii alikufa na mwiba wa samaki kooni," kiongozi akasimulia. "Kwa mila ya Kihindu mjane haruhusiwi kula samaki, hivyo mpelelezi akajua ameuawa."

Mama akachungulia. "Nani kamuua? Wifi yangu alikuwa akipenda samaki. Nilimpikia kwa siri, Sreelekha akampelekea."

Wageni wakapiga makofi, wakidhani ni maigizo.

Nimechanganyikiwa. Si tuliambiwa Shangazi alikufa kwa moyo? Dada, ndiyo maana tangu utotoni hugusi samaki?

Mdogo wako asiyeelewa,
Mitul